Vibao Vitatu vya Lango la Jivu

Bassou alikuwa fundi wa jasi, na kama ulikuwa humjui, basi wewe hukuwa mtu wa Warzazate. Nusu ya miji iliyojengwa pale jangwani kwa ajili ya sinema ilipita mikononi mwake. Roma aliijenga. Yerusalemu aliijenga, ikabomolewa, akaijenga tena. Ikulu za mafarao ndio usiseme, mpaka alizichoka. Zote zilikuwa jasi na katani juu ya mbao, ukizigonga kwa kidole zinalia kama debe tupu. Watu wa mjini walikwisha kuzoea. Ukimkuta muuza mboga amevaa deraya ya askari wa Kirumi hukushangaa, ulimuuliza tu kama karoti zake ni za leo au za jana.

Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, kope zake zina unga mweupe hata siku ya Ijumaa, na alikuwa na kiburi. Tuseme ukweli jamani, kiburi cha Bassou kilikuwa kirefu kuliko malango yake. Kazi aliijua, hilo hakuna wa kumpinga. Lakini kumuuliza jambo asilolijua, afadhali umtukane. Atakohoa, ataitazama milima, atasema, "Hilo ni jambo dogo," kisha ataondoka zake.

Jambo kubwa asilolijua lilikuwa kusoma. Utotoni alichunga mbuzi ili mdogo wake, Ichou, apate kwenda shule, maana nyumba haikuweza kuwakosa watoto wote wawili. Utu uzima ulipomkuta, imamu alifungua darasa la watu wazima msikitini. Bassou akajiandikisha kwa mbwembwe zote, akaketi mstari wa mbele, na bahati mbaya akawekwa karibu na muuza makaa ambaye alikuwa akizidaka herufi kama anadaka nzi. Hakustahimili. Baada ya jioni chache aliacha kimyakimya. Nyumbani, hata hivyo, aliendelea kutoka kila jioni, ubao kwapani, akaenda kukaa nyuma ya mashine ya kusaga mpaka wenzake watoke. Darasa lilipokwisha, naye akatangaza kuwa amehitimu. Tangu hapo akawa anashika gazeti mkahawani, anafunua kurasa polepole, anatikisa kichwa. "Dunia imeharibika," anasema. Nani angembishia?

Ichou alikuwa mtu wa namna nyingine. Mfupi, mpole, mkono wake mwepesi wa kuchora. Siku zile ndugu hao walifanya kazi pamoja. Ichou achore, Bassou achonge. Walikula sahani moja, mkate mmoja, na ukimtukana mmoja, mwingine ndiye anayekuvua kilemba. Mama yao alikuwa akisema hajui amezaa watoto wawili au mmoja mwenye mikono minne.

Mama huyo ndiye aliyewagawa, maskini, na wala hakutaka. Alikufa asubuhi moja ya baridi. Ichou alikuwa Marakeshi kwa kazi, na theluji ilikuwa imefunga barabara ya Tichka. Bassou alingoja mpaka alasiri. Wazee wakamwambia maiti haiwekwi, na kweli haiwekwi. Akazika kabla jua halijazama. Kesho yake Ichou akafika, viatu vimelowa, macho mekundu, akamkuta kaka yake makaburini na watu wamemzunguka.

"Umenizikia mama yangu haraka-haraka kama mtu anayeficha wizi," alisema.

Mbele za watu! Maneno ya mtu aliyechanganyikiwa, kila mmoja pale aliyaelewa hivyo, ila yule aliyeambiwa. Bassou, ambaye usiku kucha alikuwa amekaa kando ya kaburi peke yake akilia kama mtoto, alihisi amepigwa kofi.

"Mlango wangu usiujue tena," akajibu.

Ikawa ndiyo hiyo. Miaka ikapita. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Kwa desturi za kule, aliyekosa hujua la kufanya. Huenda na kondoo hadi mlangoni kwa aliyemkosea, akamchinja kondoo huyo kizingitini, akasema nimekuwekea ari. Akishasema hivyo amejivua nguo, hana heshima tena isipokuwa ile atakayopewa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba hawezi kumfukuza bila kujiaibisha yeye mwenyewe mbele ya kabila zima. Lakini Ichou alikatazwa mlango. Angechinja wapi? Na mkewe, Ijja, alimwona akizunguka na jambo hilo moyoni, hali vizuri, halali vizuri.

Kisha wakaja watu wa ile sinema kubwa, ya wafalme na majoka na taifa linaloitwa Watu wa Jivu. Walitaka mji mzima, kuta, mnara, na lango kuu la kupitisha farasi kumi kwa pamoja. Walikuja pia na maandishi. Si Kiarabu, si Kifaransa, si yale ya babu zetu yaliyochorwa mapangoni. Yalikuwa herufi za kubuni, zenye mikia na pembe, ambazo hazikuwahi kuandikwa na binadamu yeyote mpaka profesa mmoja huko kwao alipolipwa azitunge. Mama mmoja mzungu mwenye nywele fupi, msimamizi wa michoro, alileta karatasi yenye herufi zote, na kando ya kila moja sauti yake. Karatasi zilikuwa mbili. Moja alipewa mchoraji, nyingine mchongaji.

"Juu ya lango jazeni chochote," alisema yule mama. "Kionekane cha kale tu. Hakuna atakayekisoma."

Mchoraji ni Ichou, mchongaji ni Bassou, na kati yao akawekwa Hddou, msimamizi wa vibarua, mtu mnene mwenye domo, kazi yake kuchukua michoro huku na kuipeleka kule kwa sababu wenyewe hawasemezani.

"Nimezaliwa na mama yangu vizuri kabisa," Hddou alilalamika, "leo nimekuwa punda wa posta." Akamgeukia, akamwita kwa neno lao la heshima kwa mkubwa, "Dda Bassou, mdogo wako anauliza kama hizi herufi umezielewa au akuelezee."

Bassou alikuwa amekwisha kuikunja ile karatasi na kuitia mfukoni. Hakujua hata upande wake wa juu ni upi.

"Mwambie nimezishika zote," akasema. "Jambo dogo."

Hddou akaenda kumwambia. Ichou akaacha kalamu.

"Amesema hivyo? Zote?"

"Zote. Unamjua kaka yako, hata mbinguni ataingia akisema nimeshapaona."

Ichou alicheka, jambo ambalo Hddou hakuwa ameliona siku nyingi. Halafu akamwomba arudishe mchoro wa lango. Alisema anataka kuuchora upya, na safari hii hakutaka mtu amsimamie.

Mchoro mpya ulikuwa mstari mmoja mrefu, hauna nafasi wala kituo. Bassou akaugawa katika vibao vitatu kwa sababu kibao kirefu kupita kiasi huvunjika kikiinuliwa. Akachonga kwenye udongo wa mfinyanzi, kinyumenyume kama ilivyo kawaida ya kalibu, mkia wa herufi ukielekea kulia yeye anaupeleka kushoto. Na alichonga vizuri, Mungu ni shahidi. Hakuna pembe aliyoiruka. Mkono wake ulipita juu ya kila sauti aliyoandikiwa na ndugu yake, na yeye akifikiria chakula cha mchana.

Alimimina jasi, akangoja ikauke, akafunua. Kibao cha kwanza kikatoka safi, cha tatu kikatoka safi, cha katikati kikapata ufa. Akatukana kidogo, akakirudia. Kwa kuwa wazungu walikuwa na haraka, hakutaka kungoja. Akakiinua cha kwanza, akakigandisha juu ya lango, kisha cha tatu ubavuni mwake. Kile cha katikati kilipokauka, nafasi iliyobaki ilikuwa mwishoni, akakibandika huko. Kwake yeye yote yalikuwa mapambo. Ua likihamishwa kutoka tawi hili kwenda lile, nani atajua?

Alikuwa bado juu ya kiunzi anafuta viungo alipoona watu wanatazama chini. Ichou alikuwa amekuja. Amesimama katikati ya lango, kilemba safi, kanzu ya sikukuu, siku ya kazi. Hakuwa amemsogelea kaka yake kiasi hicho tangu siku ile ya makaburini. Alikuwa ameinua uso, anavitazama vile vibao kimoja baada ya kingine, na uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Bassou," aliita. "Umeona kilichoandikwa?"

Vibarua wote wakageuza vichwa. Hddou aliacha hata kutafuna. Na Bassou, kule juu, akasikia swali moja tu, lile alilolikimbia maisha yake yote. Aliona anapimwa. Aliona mdogo wake, msomi, amekuja na nguo zake nzuri kumvua nguo yeye mbele ya watu.

"Nimeona!" akajibu, sauti juu. "Nimekisoma chote. Upuuzi mtupu!"

Watu wakacheka, si kwa ubaya, wamezoea mdomo wake. Ichou alibaki amesimama kidogo. Kisha akainamisha kichwa, akapita chini ya lango, akatoka nje ya mji ule wa jasi, akaelekea barabarani. Wiki hiyo hiyo alihamia Agadir na mkewe. Bassou akasema heri, kazi itatulia.

Ikatulia kweli. Habari za mdogo wake alizisikia kwa watu tu. Anapaka rangi mahotelini. Kifua kinamsumbua. Kifua kimemlaza. Siku alipoletewa habari ya msiba, Bassou alikuwa anakoroga jasi. "Mungu amrehemu," alisema, na akaendelea kukoroga, maana jasi haingoji. Wenzake walimwona moyo wa jiwe. Jasi yenyewe ilimgandia mle mle ndani ya ndoo kwa sababu alisahau kuimimina, lakini hilo hakuna aliyeliona.

Sinema ile ikawa kubwa kupita matarajio. Vijana wa dunia nzima wakaipenda mpaka wakajifunza lugha ya Watu wa Jivu, eti wanaandikiana nayo. Wakaanza kuja kuuona mji. Wazungu walikuwa wamekwisha kuuacha usimame hapo, na upepo unaumenya. Hddou, ambaye miguu yake haikuweza tena kazi, akawa mwongoza wageni, na Bassou, ingawa kazeeka, aliitwa mara moja moja kuziba palipobomoka.

Asubuhi hiyo alikuwa amekaa chini ya lango, anachanganya jasi kwenye karai, Hddou pembeni yake anapuliza chai. Akaja binti mmoja kutoka Tunisi, jina lake Emna, mwalimu wa hesabu, kofia pana, amebeba ile karatasi ya herufi iliyochapwa. Aliwasalimu kwa adabu, akawaambia kwa Kiarabu kuwa amekuja kwa ajili ya mstari wa juu ya lango.

"Kuta nyingine zote zimeshasomwa," alieleza. "Nyingine zina maneno ya kwenye sinema, nyingine ni herufi zimemwagwa tu. Huu umetushinda. Sauti zake zimepangika kama maneno ya watu, lakini si lugha ya Watu wa Jivu. Kuna wanaosema ni dua, kuna wanaosema ni laana. Tunagombana sana."

"Mnagombana kwa ajili ya hilo?" Hddou alishangaa. "Binti yangu, huna mume?"

"Ninaye. Yeye ni wa kundi la laana."

Hddou alicheka mpaka chai ikampalia. Bassou hakucheka. "Mchongaji ndiye mimi," alisema. "Ni mapambo."

"Basi ni heshima kukutana nawe, mzee. Naomba niyasome hapa hapa kwa sauti, nione kama yanakaa mdomoni."

Wageni wote kabla yake waliyasoma kwa macho, wakapiga picha, wakaenda zao. Huyu akarudi nyuma hatua chache, akaweka kidole kwenye karatasi, akatazama juu, akashuka na kidole, akatamka. Alitamka vibaya, anavuta pasipovutwa, anakata pasipokatwa. Lakini silabi ya kwanza na ya pili zilipounganika, mwiko wa Bassou ulisimama.

Lilikuwa jina lake.

Emna akaendelea, hajui lolote. Ilikuwa lugha yao ya nyumbani, lugha ya mama yao, inatoka kwenye kinywa cha mtu asiyeijua hata neno. Bassou, mwana wa mama, hasira zimeni. Hapo kibao cha kwanza kikaisha. Akarukia kilichofuata. Kungoja chini ya lango, unishike mkono twende nyumbani. Kisha cha mwisho. Isha, nakuwekea ari, nina. Na ukuta ukaisha.

"Unaona?" Emna alisema. "Katikati panaparaganyika. Hapo ndipo tunapokwama wote."

Hddou alikuwa ameweka gilasi chini. Uso wake wote ulikuwa umebadilika. "Dda Bassou," alisema polepole. "Dda Bassou, ulikibandika wapi kile kilichopata ufa?"

Bassou aliuweka mwiko ndani ya karai.

"Binti," alisema, "soma cha mwisho kabla ya hicho cha katikati. Taratibu, nakuomba."

Akasoma. Na safari hii hakikupungua kitu. Bassou, mwana wa mama, hasira zimeniisha. Nakuwekea ari. Ninakungoja chini ya lango, unishike mkono twende nyumbani.

Alingoja chini ya lango! Kilemba safi, kanzu ya sikukuu. Alikuwa ameuchukua mlango mwingine kwa kuwa ule wa nyumbani alifungiwa, akaweka ari yake hadharani kwa herufi ambazo watu wawili tu nchi nzima walikuwa wamepewa, ili aibu ibaki baina yao. Alichotakiwa Bassou kufanya ni kushuka ngazi. Machozi yalimtoka mzee yule wazi wazi, yanachora mistari kwenye unga wa mashavu yake, na hakuyafuta.

Emna aliogopa. "Inasema nini? Nimekosea nini?"

"Hujakosea," Hddou alimjibu. "Ni mambo ya nyumbani, binti yangu. Waambie wenzako si dua wala laana."

Bassou hakuziba chochote siku hiyo. Alinunua kondoo dume, akampakia kwenye buti ya chini ya basi la Agadir, na njia nzima abiria walilalamika kwa makelele yake. Alifika nyumba ya Ijja saa za chai. Aligonga, na Ijja alipofungua, alimkuta mzee amepiga magoti kizingitini, kisu mkononi, ameshika pembe ya kondoo.

"Usichinje!" Ijja alipiga kelele. "Bassou, ishia hapo hapo!"

"Nimekuja kuweka ari."

"Umwekee nani? Ari anawekewa aliye hai. Mwenyewe yuko kule kilimani, na hukuja kumzika." Alimtazama mzee, magoti yake, kanzu yake chafu ya safari, akapumua. "Mfunge huyo mnyama hapo kwenye mti. Ingia. Sitasema nimemwacha shemeji yangu barabarani."

Alimpa maji ya kunawa, akamwekea mkate na mafuta ya argani, akamiminia chai. Bassou hakugusa. Alimweleza yote, lango, vibao, binti wa Tunisi. Ijja alisikiliza huku anapindua mkate ambao haukuhitaji kupinduliwa.

"Hayo maneno nayajua," alisema. "Alinisomea mimi kabla ya kuyachora. Nilimpigia kanzu pasi kwa mkono wangu. Alirudi nyumbani amekuwa kitu kingine. Akaniambia, kaka yangu ameyasoma, akayakata vipande, akaweka miguu mahali pa kiuno ili anicheke, halafu akaniambia upuuzi mbele ya vibarua."

"Sikuyakata kwa makusudi, Ijja."

"Nilimwambia! Wallahi nilimwambia, labda hakuyaelewa, labda hawezi kusoma yule. Alinikasirikia, na hakuwa mtu wa kunikasirikia. Akasema nisimvunjie kaka yake heshima. Alisema Bassou amehitimu darasa la msikitini. Siku Ichou alipoletewa habari hiyo alichinja jogoo, tulikuwa hatuna hata ngano, akachinja jogoo, akawaita majirani. Aliwaambia, kaka yangu alichunga mbuzi ili mimi nisome, leo na yeye anasoma, deni langu limepungua."

Bassou alikuwa ameshika gilasi ya chai kwa mikono yote miwili. Chai ilimwagikia vidoleni, hakuonekana kuisikia.

"Sijui kusoma," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kulitoa neno hilo mdomoni, na lilitoka dogo. "Sijawahi kujua, shemeji. Hata herufi moja."

Ijja aliuweka ule mkate chini. Nje kondoo alikuwa analia, na mtoto wa jirani alikuwa anamtania kwa kumwigiza sauti.

"Ungemwambia tu," Ijja alisema hatimaye, wala hakusema kwa hasira. "Alikuwa amesimama pale pale chini yako. Angekusomea."